Nguchiro na Fundi wa Ng'ambo ya Mto

Sogeeni karibu, wanangu, msikilize. Hapo kale, siku ambazo wanyama wote walivaa viatu, palikuwa na nchi moja iliyojaa mbigili. Mbigili njiani, mbigili uwanjani, mbigili mpaka mlangoni mwa jiko. Aliyetoka nyumbani peku alirudi akichechemea. Katika nchi ile kiatu hakikuwa pambo. Ukikosa kiatu, hufiki kisimani, hufiki shambani, hufiki popote.

Na fundi viatu alikuwa mmoja tu, Kifaru.

Kibanda chake kilikuwa pembeni mwa soko. Macho yake yalikuwa mabovu. Ukisimama mbali kidogo, yeye aliona ukungu tu. Lakini kazi yake hakuifanya kwa macho. Alipitisha mdomo juu ya mshono, akajua uzi ulipolegea. Kiatu kikihitaji msumari, alikivika kwenye pembe yake ndefu, akainamisha kichwa, akagonga: ko! ko! ko! Viatu vyake vilikuwa vya ngozi. Msiulize ngozi ilikuwa ya nani, wenyewe hawakuulizana.

Sasa, Kifaru alikuwa na hasira. Kuna siku Nyani mwenye duka alimwuzia gundi, kumbe ni uji wa muhogo uliochacha. Kifaru alipogundua aliinuka akaenda kupita dukani kwa Nyani. Na hakupita mbele ya duka, wanangu. Alipita katikati ya duka lenyewe! Aliingilia mlangoni, akatokea ukuta wa nyuma. Tangu siku ile hakuna mnyama aliyethubutu kumdanganya.

Katika nchi hiyohiyo aliishi mama mmoja, Nguchiro. Alikuwa mfupi, mwepesi, na watoto wake walikuwa wengi hata akiwaita kula hakumaliza majina. Alikuwa kibarua katika shamba la Ngiri. Mwaka ule mvua ikakataa. Ngiri akamwambia, "Mama, ardhi imekuwa jiwe. Sina la kukulimisha."

Nguchiro akakaa chini akafikiri. Akaona jambo moja. Nyani alikuwa ameleta dukani viatu vya mpira, rangi nzuri, vyepesi. Wanyama walivinunua, vikakatika mapema, wakavitupa korongoni. Vya ngozi navyo vilikuwa vinatupwa, kwa sababu Kifaru alikuwa mmoja na foleni yake haikwisha. Korongo limejaa viatu, na watu wanatembea wakichechemea.

"Hapa pana kazi," Nguchiro akajisemea. Akafunga safari mpaka kibandani.

"Hodi, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ni mimi Nguchiro. Nimekuja unifundishe kazi."

Kifaru akaacha kugonga. Akasogeza pua, akamnusa kuanzia kichwani hadi mkiani.

"Wewe? Mbona hata nyundo ni ndefu kuliko wewe! Na huo ni mkono au kijiti cha kiberiti?"

"Mkono mdogo unaingia ndani ya kiatu, fundi. Wako hauingii."

"Mmh! Na mdomo unao." Kifaru akashusha pumzi, vumbi likaruka. "Sikia, mama. Niliwaita wanangu wa kuwazaa, nikawaambia kaeni hapa, shikeni sindano. Walinicheka. Wamekwenda mjini kulinda maghala ya watu. Wanalipwa kwa kusimama! Wangu wamekataa, halafu nimfundishe wa jirani? Haiwezekani. Siku nikifa, mnitilie sindano zangu kaburini."

"Na sisi tutatembeaje?"

"Mtaruka. Nenda zako!"

Nguchiro akatoka ameinamisha kichwa. Hakufika mbali, akasikia kelele nyuma yake. Punda alikuwa ameleta kiatu alichojishonea mwenyewe, na Kifaru amekishika, anafoka:

"Nani kakwambia uzi unafungwa kwa nje? Ukikanyaga jiwe utabaki? Fundo linakaa ndani, ndani! Tazama hapa!"

Nguchiro akasimama. Masikio yake madogo yakasimama pia. Huyu mzee amekataa kufundisha, akawaza, lakini akiona kosa hawezi kunyamaza.

Kesho yake akateremka korongoni, akaokota kiatu cha ngozi kilichobanduka soli. Akatafuta mwiba mrefu wa mgunga, akachambua katani, akashona. Alijichoma vidole vyote. Kiatu kilitoka kibaya, kibaya kweli, wala hakukiharibu kwa makusudi. Ndivyo alivyojua. Akakibeba mpaka kibandani.

"Shikamoo, fundi. Leo sikuja kuomba kazi. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na fundi viatu wa ng'ambo ya mto. Amesikia sifa zako. Akasema, mpelekee yule mzee kazi yangu aione, ajue kwamba amebaki nyuma."

"Ati nini?" Kibanda kikatikisika. "Lete hapa!"

Kifaru akapitisha mdomo juu ya mshono. Akapitisha tena.

"Puh! Huu ni mshono au mtu alikuwa anafunga mzigo wa kuni? Anaitwa nani, mpuuzi huyu?"

Jina! Nguchiro hakuwa amefikiria jina. Akatupa macho nje, akaona makapu mgongoni mwa Punda.

"Anaitwa… Makapu. Fundi Makapu. Ni Nyumbu mmoja, mgeni."

"Nyumbu! Nilijua tu. Wale hawatulii mahali." Krrraa! Kifaru akaing'oa soli kwa mvuto mmoja. "Kamwambie huyo Makapu wako: uzi mkavu unakata ngozi! Uzi unapitishwa kwenye nta kwanza. Hivi. Hivi. Mpaka uteleze. Umeona?"

"Mimi ni mjumbe tu, fundi. Lakini nipe nishike hiyo nta kidogo, nisije nikamweleza vibaya."

"Shika! Si hivyo. Vuta kwako! Bana kwa kidole gumba! Ehee. Kamwambie hivyohivyo."

"Nitamwambia."

"Na mwambie bado mpuuzi!"

"Hilo nitalisema mwanzo kabisa."

Basi mambo yakaanza. Nguchiro alishona nyumbani, watoto wakimtazama, kisha alipeleka kazi kibandani. Na kila alipopeleka, Kifaru alilipuka.

"Anatoboa kwa mwiba? Mwambie kuna msharasi! Sindano nene, hii hapa. Na tundu liwe jembamba kuliko uzi, ngozi iubane."

Safari nyingine: "Sindano moja? Nani anashona soli kwa sindano moja? Zinatakiwa mbili kwenye uzi mmoja! Hii inaingia hapa, hii inatokea kulekule, zinapishana tunduni kama watu mlangoni."

Safari nyingine tena: "Amebandika gundi mbichi! Ana haraka ya kwenda wapi? Paka pande zote mbili, uache, mpaka ukigusa haishiki kidole. Ndipo ubandike na ugonge."

Kila kosa lilikuja na somo lake. Nguchiro alirudi nyumbani mbio, tifu, tifu, tifu, midomo ikirudiarudia maneno asiyasahau. Na wanyama wa mtaani kwake wakaanza kumletea viatu vyao kimyakimya, akavishona, watoto wakapata uji. Alimwambia kila mmoja, "Usimtajie Kifaru." Hakuna aliyemtajia. Wote walilikumbuka duka la Nyani.

Kifaru naye alibadilika. Alianza kuamka na hamu. Akimaliza kazi yake aliipapasa mara mbili, asije fundi wa ng'ambo akamzidi. Nguchiro asipofika alimwuliza Punda, "Yule mjumbe yuko wapi leo?"

Siku moja Nguchiro alileta kiatu cha mpira, cha dukani kwa Nyani, kilichokuwa kimepasuka ubavuni. Mpira haushikwi na uzi. Ukiushona unachanika zaidi. Kifaru mwenyewe vya mpira alivikataa mlangoni. Lakini Nguchiro alikuwa amehangaika na viatu vya mpira vya korongoni hadi akapata njia. Alipasha kisu motoni, akayeyusha kipande cha mpira mwingine juu ya ufa, akakandamiza mpaka vikawa kitu kimoja.

Kifaru akakipokea. Akapitisha mdomo. Akakikunja, akakinyoosha. Akakivuta kwa nguvu zake zote, na nguvu za Kifaru mnazijua. Kiatu kikakataa kupasuka.

"Hili sikumfundisha," akasema polepole.

"Hukumfundisha, fundi."

"Amelitoa wapi?"

"Amelifikiria mwenyewe. Anasema viatu vya mpira ndivyo vinavyoongezeka, na fundi asiyeviweza atakaa bila kazi."

Kifaru akakiweka kile kiatu chini taratibu.

"Nguchiro," akasema mwishowe, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina. "Macho yangu yanakwisha. Zamani nilikuwa naona ukungu mbali, sasa ukungu umefika puani. Kesho utanipeleka kwa Makapu. Nataka nimwachie kibanda hiki, na kalibu zangu za kuundia viatu, na sindano zangu zote."

Lo! Hapo ndipo angesema kweli, wanangu, maana mlango ulikuwa wazi. Lakini alitazama miguu ya Kifaru, akaukumbuka ukuta wa Nyani, na ulimi ukamtangulia.

"Haiwezekani, fundi. Makapu… Makapu amekufa."

"Amekufa?"

"Jana. Homa."

Alidhani mambo yamekwisha. Akageuka aondoke, akasikia sauti ambayo hajawahi kuisikia. Ffff. Ffff. Kifaru alikuwa analia. Machozi makubwa yalidondoka juu ya kiatu cha mpira, tap, tap.

"Nimekaa miaka yote peke yangu na kazi hii," Kifaru akasema. "Nimepata mtu mmoja tu wa kubishana naye, naye amekufa."

Nguchiro akatoka. Alikwenda nyumbani, na uji wa siku ile ukamshinda kumeza.

Asubuhi akiwa bado anafagia uwanja, ardhi ikatikisika. Bum. Bum. Bum. Kifaru huyo, Punda akimwonyesha njia, amefunga kibanda, gunia la unga liko mgongoni.

"Twende," akasema. "Tangulia wewe. Nakwenda matangani kwa fundi mwenzangu."

"Fundi, mbali huko!"

"Nina miguu."

"Mto umejaa!"

"Umejaa kwa mvua gani? Mto wenyewe mwaka huu unavukwa na kuku."

Basi wakaenda, Nguchiro mbele, Kifaru nyuma. Kila hatua Nguchiro alitafuta uongo mwingine, na kila uliokuja aliuona hautoshi. Wakafika mtoni. Maji yalikuwa ya magotini mwa Kifaru. Nguchiro akaruka jiwe hadi jiwe. Walipofika katikati, Kifaru akasimama.

"Nilimtukana sana yule," akasema. "Kila siku mpuuzi, mpuuzi. Sikumwambia hata mara moja kwamba kazi yake imekuwa nzuri. Unadhani alijua?"

Nguchiro akakaa juu ya jiwe.

"Hakujua, fundi. Ndiyo kwanza anajua sasa."

"Unasema nini?"

"Fundi, hakuna marehemu."

"Amepona?"

"Hakuna Makapu. Hajawahi kuwapo. Ng'ambo ile hakuna fundi, kuna majani tu. Viatu vyote vile nilishona mimi."

Kifaru hakusogea. Maji yakapita katikati ya miguu yake. Kisha akashusha pua mpaka kwenye vidole vya Nguchiro, akavuta harufu. Nta. Gundi. Moshi wa mpira. Harufu ile siku zote alikuwa akiisikia kibandani, akadhani ni ya viatu.

Akainua kichwa. Akaliweka gunia la unga juu ya jiwe kavu, kwa uangalifu, kwa sababu chakula hakikuwa na kosa. Halafu akalipuka.

"Nililia! Nimelia machozi kwa ajili ya Nyumbu asiyekuwapo!"

Chubwi! Nguchiro akaruka. Bum! Kifaru akakanyaga jiwe alilolikalia. Chubwi! Bum! Chubwi! Bum! Mara paa! Kiatu cha Kifaru cha mbele kikabanwa kati ya mawe mawili, na yeye akavuta kwa hasira. Soli yote ikang'oka, ikaanza kuelea na maji.

Sasa Nguchiro alikuwa tayari kwenye mchanga wa ng'ambo. Mbele yake nyasi zilikuwa ndefu. Angeingia humo Kifaru asingemwona tena maishani. Akaitazama ile soli inavyokwenda. Akafikiria mbigili zilizojaa njia yote ya kurudi, na yule mzee asiyeziona. Akajitupa majini, akaogelea, akaipata soli kwenye kona ya mto, akarudi nayo mdomoni mpaka mchangani, amelowa, anatetemeka. Kifaru naye alikuwa ameshatoka majini upande uleule.

"Kaa chini, fundi," akasema. "Peku hutafika."

"Nitakukanyaga."

"Nikanyage. Lakini nikishakwisha kushona."

Kifaru akatazama upande wa nyumbani, akaona ukungu mtupu. Vifaa vyake alikuwa ameviacha kibandani. Akakaa, mchanga ukaruka. Nguchiro akafungua pindo la kanga yake. Humo alikuwa amefunga msharasi, sindano mbili, uzi wa nta na misumari, maana siku hizo alikuwa haendi popote bila hivyo. Akashona. Kifaru akasogeza sikio, akasikiliza uzi ukipita, fyuu, fyuu, toka huku, toka huku.

"Sasa misumari ya kisigino," Nguchiro akasema. "Hapa hakuna chuma cha kugongea. Fundi, naomba pembe."

"Unaomba nini?"

"Pembe."

Kichwa cha Kifaru kikaanza kushuka, polepole, mpaka kidevu kikagusa mchanga. Nguchiro akaokota jiwe gumu, akapanda juu ya pua yake, akavika kiatu, akagonga. Ko! ko! ko! Mlio uliingia mpaka ndani ya fuvu la mzee.

"Huo umekwenda kombo," Kifaru akanguruma.

"Upi?"

"Wa kushoto. Nausikia. Ng'oa."

Nguchiro akang'oa, akapiga upya. Ko! ko! ko!

"Ehee," Kifaru akasema, na akafumba macho.

Kiatu kilipokwisha akakivaa, wakavuka mto kurudi, Kifaru akilipitia gunia na kulitua ukingoni. Kifaru akakanyaga mbigili, makusudi, akaenda, akarudi. Nguchiro alisimama pembeni akingoja, mkia umenywea.

"Kisigino umekikata kikubwa."

"Ndiyo, fundi."

"Kingine chote kizuri." Akakohoa. "Nasema mapema, maana nimeshajua ubaya wa kuchelewa. Kesho uje kibandani asubuhi nikuonyeshe kukata visigino. Na usije na mjumbe."

"Nitakuja mwenyewe, fundi."

Nguchiro akamletea gunia kutoka pale ukingoni. Alilisukuma na kulivuta, kwani lilikuwa kubwa kumshinda. Kifaru akalitupia mgongoni. Lakini walipofika njia panda hakushika njia ya kwake.

"Unga huu niliutoa uende nyumbani kwa fundi," akasema. "Siurudishi. Kwako ni upande gani?"

Hadithi yangu imefika hapo, wanangu, nanyi shikeni hili: kazi ya mikono haifi maadamu yuko anayetaka kuijifunza na yuko anayekubali kumkosoa.